Mchoro wa Mnyama Aliyepinda

Wavuvi wa pwani ya kaskazini ya Ufaransa walikuwa na imani yao: kwamba samaki bapa, jamaa za gayogayo wetu, huanza maisha ubavuni mwa kamba. Ushahidi walikuwa nao mkononi. Mara kwa mara walivua kamba mwenye uvimbe upande mmoja, chini ya gamba, na wakiliinua gamba hilo walikuta kitu bapa, kimepinda, mbele yake na nyuma yake hazieleweki. Mwaka 1722 msomi aitwaye Deslandes aliifikisha habari hiyo kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris, naye akiiamini. Ilipita miaka 50 hadi msomi mwingine, Fougeroux de Bondaroy, alipokitazama kitu hicho kwa makini na kuandika, mwaka 1772, kwamba si mtoto wa samaki hata kidogo. Ni mnyama kamili, ana miguu yake, na anaishi kwa kumnyonya kamba.

Siwacheki wavuvi wale. Waliona mambo mawili ambayo msomi mwenye haraka angeyapita: kwamba kile kitu ni bapa, na kwamba pande zake mbili hazilingani. Gayogayo naye ni hivyo hivyo, macho yote mawili yamehamia upande mmoja. Jicho lao lilikuwa zuri. Walichokosa ni kazi inayoanza pale jicho linapoishia, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu: kazi ya mtu anayekaa na sindano mbili, hadubini na karatasi, akamtoa mnyama huyu mafichoni mwake na kumchora jinsi alivyo. Hapo kwenye “jinsi alivyo” ndipo penye kazi.

Mnyama mwenyewe ni isopodi wa familia ya Bopyridae, ndugu wa mbali wa wale viumbe wa kijivu wenye miguu 14 wanaojificha chini ya matofali na magogo yaliyooza. Wengi wa familia hii huishi baharini. Wachache wamepanda mitoni, hasa wa jenasi ya Probopyrus, na huko huwavamia kamba wa maji baridi: Palaemonetes wadogo wa Marekani, na Macrobrachium, wale kamba wa mtoni wenye mikono mirefu ya koleo, ambao jamaa zao wamo hata kwenye mito yetu inayomwaga maji Bahari ya Hindi. Probopyrus wameandikwa kutoka Mississippi, kutoka Amazon, kutoka India na visiwa vya Indonesia.

Ukimkuta, unawakuta wawili. Jike amejaa kwenye chumba cha matamvua cha kamba, mpana, laini, hana macho ya kumfaa, na miguu yake imebaki kulabu fupi za kujishikilia. Tumboni ana mfuko uliofunikwa kwa vigamba vyembamba, na humo hulea mayai kwa maelfu. Dume ni wa milimita moja au mbili hivi. Anaishi juu ya jike, chini ya mkia wake, katikati ya viungo vyake vya kupumulia, na ukifanya haraka utamkosa kabisa. Kamba aliyebeba jozi hii huendelea kula na kutembea, lakini akiwa jike mara nyingi hatagi tena. Alfred Giard, Mfaransa aliyeanzisha kituo cha utafiti wa bahari huko Wimereux mwaka 1874, ndiye aliyeipa hali hiyo jina la kuhasiwa na kimelea. Sisi tuliokulia na katuni za wanyonyaji waliochorwa kama kupe wenye mirija tungemhukumu mnyama huyu kabla hajafika mezani. Mchoraji hana nafasi hiyo. Kwake huyu ni umbo tu, tena umbo gumu.

Ugumu wenyewe ni huu. Chumba cha matamvua kiko upande, kushoto au kulia, na ni chembamba upande mmoja kuliko mwingine. Jike huingia humo akiwa mdogo na kukua akiifuata nafasi anayoipata, hivyo mwili wake hupinda: ubavu mmoja mrefu, mwingine mfupi, kichwa kimeelekea huku, mkia umeelekea kule, mfano wa mbegu ya boga iliyoota imebanwa na jiwe. Akikaa chumba cha kulia hupinda upande mmoja. Akikaa cha kushoto hupinda upande wa pili. Wawili wa aina moja, waliotoka mto mmoja, wanaweza kuwa kila mmoja kinyume cha mwenzake kama mkono wa kulia na wa kushoto.

Mkono wa binadamu haulipendi jambo hili. Mwambie mtu yeyote achore mdudu, ataanza na mstari wa katikati, atachora nusu, kisha atairudia upande wa pili. Wachoraji wa mende, nyuki na vipepeo wametumia njia hiyo miaka mingi, na ni halali: hupima nusu moja kwa uangalifu na kuigeuza juu ya meza yenye mwanga. Kwa Bopyridae njia hiyo haipo. Hakuna nusu. Kila pingili lazima ipimwe mara mbili, kulia na kushoto, na kila mara mkono utataka kuisogeza kidogo ili ifanane na jirani yake. Kosa la namna hii halionekani kwa mtazamaji wa kawaida, maana mchoro uliosawazishwa unapendeza zaidi. Nadhani ndiyo maana ninauheshimu ufundi huu kuliko ule wa kuchora ndege. Ndege akichorwa vibaya kila mtu atajua.

Zana nazo zilikuwa na hila zao. Mwaka 1806 Mwingereza William Hyde Wollaston alisajili kifaa kiitwacho kamera lusida, prizimu ndogo inayomwezesha mchoraji kuona kitu na karatasi yake kwa wakati mmoja, kana kwamba kitu kimelala juu ya karatasi. Kioo kimoja kingegeuza kulia kuwa kushoto. Prizimu ya Wollaston huakisi mwanga mara mbili, na mgeuko wa kwanza ukafutwa na wa pili. Kwa anayechora jengo hilo ni jambo dogo. Kwa anayechora mnyama ambaye kupinda kwake kunaeleza alikaa upande gani wa kamba, hilo ni jambo zima.

Na hata baada ya mchoro kukamilika, kulikuwa na kiwanda cha uchapaji. Kinachochongwa kwenye bamba la shaba au kuchorwa juu ya jiwe hutoka kinyume kinapopigwa chapa. Rembrandt mwenyewe, mwaka 1650, alichora kwenye bamba kombe la koni, Conus marmoreus wa bahari za Hindi na Pasifiki, na kwenye karatasi likatoka limezunguka kinyume cha maumbile yake. Sahihi yake alikumbuka kuigeuza, kombe hakuligeuza. Kama bwana mkubwa kama yule aliteleza kwenye kombe, fikiria karani wa kiwanda cha chapa aliyepewa kitu ambacho hajui kichwa chake kiko wapi. Kwa hiyo maelezo mazuri ya Bopyridae husema wazi: jike, mtazamo wa mgongoni, ametoka chumba cha kushoto cha matamvua. Ni maneno makavu, lakini bila hayo mchoro hauna pa kusimamia.

Giard na mwenzake Jules Bonnier walitoa mwaka 1887 kitabu chao kikubwa juu ya wanyama hawa, na ndio walioiweka jenasi ya Probopyrus mwaka uliofuata. Baadaye, mwaka 1923, B. Chopra wa Calcutta alichapisha katika jarida la Makumbusho ya India kurasa zaidi ya 100 juu ya wale wanaowavamia kamba wa India. Lakini ninayemrudia mara nyingi ni Harriet Richardson wa Washington. Alizaliwa mwaka 1874, akapata shahada ya udaktari mwaka 1903, na mwaka 1905 ikatoka kazi yake juu ya isopodi wa Amerika Kaskazini, kurasa zaidi ya 700. Katika taasisi ya Smithsonian alihesabiwa mshirika, si mwajiriwa. Baada ya kuolewa na kupata mtoto aliyehitaji uangalizi mkubwa, kazi yake ya kisayansi ilipungua sana, na pengo lile linaonekana hata leo kwa anayefuatilia majina ya isopodi mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1904 Richardson alimweleza kimelea wa kamba wa mto Mississippi, akampa jina Probopyrus bithynis. Tayari palikuwa na jamaa yake, aliyeelezwa na mtaalamu aitwaye Packard mwaka 1879, ambaye leo anaitwa Probopyrus pandalicola. Je, ni wawili au ni mmoja? Wapo wataalamu waliomweka wa Richardson chini ya jina la Packard, na wapo, hasa wanaochunguza kamba wa Amazon kule Brazil, wanaoendelea kumwita kwa jina alilopewa na Richardson. Ubishi huu umedumu kwa sababu mwili wa jike hubadilika kulingana na umri, ukubwa wa kamba na jinsi alivyobanwa. Umbo la nje haliamui. Kinachotafutwa ni vitu vidogo: ukingo wa nyuma ya kichwa, kigamba cha kwanza cha mfuko wa mayai, jinsi pingili za mkia wa dume zilivyoungana au kuachana.

Kuvifikia vitu hivyo ndio ufundi hasa. Kamba huhifadhiwa mzima kwenye alkoholi, kimelea akiwa bado ndani yake, maana ukiwatenganisha bila kuandika lebo umepoteza nusu ya habari: nani alikuwa kwa nani, na upande gani. Gamba huinuliwa kwa kibano taratibu. Kabla ya kumgusa jike, hutafutwa dume, kwa sababu akidondoka ndani ya sahani atafanana na kipande cha uchafu. Jike hulazwa kifudifudi akachorwa mgongo, kisha hugeuzwa, na vigamba vya mfuko hufunuliwa kimoja kimoja kwa sindano. Kile cha kwanza hukatwa na kuchorwa peke yake, ndani na nje. Mstari mzima ni wa ukingo unaoonekana. Mstari wa kukatika ni wa kilichofichwa chini. Kivuli hufanywa kwa nukta za wino, nyingi penye kina na chache penye mwanga, na kwa desturi mwanga hutoka juu kushoto, ili msomaji wa nchi yoyote ajue bonde ni lipi na kilima ni kipi. Mstari mfupi wa kipimo huwekwa pembeni. Ukiusahau, mchoro mzuri kuliko yote hugeuka pambo.

Mtu atauliza kwa nini asipige picha. Picha zinapigwa, na ninazipenda. Lakini picha haibagui: inachukua tone la mafuta, mkunjo ulioletwa na alkoholi, yai lililomwagika, na kuvipa vyote uzito uleule. Mchoraji amekaa na mnyama saa nyingi hadi akajua mkunjo upi ni wa mwili na upi ni wa chupa. Anachoweka kwenye karatasi ni ushahidi aliouapia. Ndiyo maana mchoro wa mwaka 1904 bado unaweza kubishaniwa: kila mstari ulikuwa uamuzi, na uamuzi unaweza kupingwa.

Kuna tawi jingine la ufundi huu ambalo nitaligusa tu. Watoto wa Probopyrus hawaendi moja kwa moja kwa kamba. Hutoka kwenye mfuko wa mama, huelea hadi maji ya chumvi nusu ya mdomo wa mto, na huko hujishika kwa kopepodi, kijidudu cha planktoni kama Acartia tonsa. Hukua juu yake, humwacha, kisha huogelea kutafuta kamba. Wa kwanza kufika huwa jike. Anayefuata akamkuta jike tayari ametulia, huwa dume. Reverberi na Pitotti wa Italia walionyesha mwaka 1942, kwa ndugu wa baharini wa kundi hili, kwamba jirani ndiye anayeamua jinsia. Watafiti Anderson na Dale walichapisha mwaka 1981 michoro ya watoto wa Probopyrus pandalicola waliowalea maabara. Atakayejaribu hilo lazima afuge kamba, afuge kopepodi, na awakutanishe wawili hao kwa siku inayofaa. Nawavulia kofia.

Siku hizi wengi wameweka wino kando na kuchora kwa kompyuta, juu ya picha ya hadubini, kwa kalamu ya kielektroni. Sioni ubaya. Nukta ni zilezile, na kufuta ni rahisi. Programu hizo zina kitufe cha kuakisi: chora upande mmoja, bonyeza, upande wa pili unajitokeza. Kwa dume, ambaye amelingana pande zote, kitufe hicho kinaweza kuokoa jioni nzima, ingawa hata yeye huwa amepoteza ncha ya mguu huu au ule, na mchoraji makini huijaza kwa mstari wa kukatika ili ijulikane kwamba haikuonekana. Kwa jike hakuna cha kubonyeza. Ni kuanza ukingo wa kulia, kuzunguka kichwa, kushuka kushoto, na kuipima upya kila pingili.