Unga wa Manjano na Nikeli

Mbolea ya yurea, ile ile inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ikifunikwa ndani ya chombo cha kauri na kuchomwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzijoto 550 hivi, hutoa amonia kali na kuacha unga wa manjano mpauko. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya jikoni. Unga huo ni kaboni nitraidi. Hauyeyuki katika maji wala katika spiriti, na mwaka 2009 Markus Antonietti na wenzake walionyesha kwamba ukimulikwa huweza kutoa hidrojeni majini.

Sifa zangu nawapa waliouoanisha unga huo na nikeli. Mwanga ukiupiga, elektroni huchangamka na kuhamia kwenye nikeli. Nikeli nayo hushika molekuli mbili na kuziunganisha, kaboni kwa nitrojeni, muungano uliomo katika dawa nyingi tunazomeza. Mwaka 2014 maabara za MacMillan na Doyle huko Princeton zilikuwa zimeufanya mwanga na nikeli vishirikiane, ila kwa msaada wa iridi, metali adimu mno, iliyoyeyushwa humo humo pamoja na kila kitu, hivyo ngumu kuitoa tena. Unga hauna shida hiyo. Unauchuja, unauosha, unaukausha, unaurudisha kazini.

Ukiishi Igogo, Mwanza, huhitaji kushawishiwa sana kuhusu faida ya hilo. Nyumba zimeparamia mlima katikati ya majabali, na mvua ikinyesha, kilichomwagwa juu hushuka ziwani. Ziwa hilo ndimo tunamovua sangara na dagaa, na mji huvuta sehemu ya maji yake Capri Point. Metali iliyoshikwa na unga haiendi na maji. Wachenjuaji wa dhahabu wa Geita wanaujua ufundi wa namna hii: kaboni ya vifuu vya nazi hunasa dhahabu, dhahabu huondolewa, kaboni hurudi tangini.

Lakini unga kurudi hakutoshi, na hapa ndipo fundi hupimwa. Nikeli inaweza kuvuja polepole. Jaribio la zamani ni kuchuja unga katikati ya kazi na kuangalia kama majimaji yaliyobaki yanaendelea kuunganisha molekuli. Kwa kichocheo hiki cha unga na nikeli jaribio hilo hudanganya: ukiuondoa unga umeondoa pia kinachopokea mwanga, kwa hiyo kazi itasimama hata kama nikeli imejaa humo. Lazima upime metali yenyewe kwenye kilichochujwa, kila mzunguko.

Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Max Planck, Potsdam, walieleza kwa nini unga huchoka. Nikeli iliyokosa mwenzi wa kumshika hugeuka metali nyeusi na kuufunika. Walipochagua rangi ya mwanga yenye nishati ndogo zaidi, au kuongeza molekuli inayoshikwa na nikeli, weusi ulipungua. Navutiwa sana na uamuzi huo wa kutozidisha nguvu.

Nikeli iko Kabanga, Ngara. Jua tunalo mwaka mzima. Wanafunzi wetu wa kemia wakipewa kazi hii, natamani walimu wao wasahihishe mzunguko wa kumi kabla ya kuangalia ule wa kwanza.