Kosa liko kwenye kutoa

Kipimo cha nukta hakikuharibika kwenye nukta wala kwenye kompyuta. Kiliharibika mezani, pale mtafiti alipochukua wastani wa muda mmoja, akautoa kwenye mwingine, kisha akatuambia baki lile ndilo umakini wa kijana mwenye wasiwasi.

Utaratibu mnaujua: alama ya msalaba, nyuso mbili kwa milisekunde 500, mmoja umenuna na mwingine hauna neno, zinatoweka, nukta inatokea mahali pa mmojawapo, unabonyeza; kisha muda wa kubonyeza nukta ikiwa mahali pa uso ulionuna hutolewa kwenye muda wa ikiwa mahali pa ule mwingine. MacLeod, Mathews na Tata walipokianzisha mwaka 1986 walitumia maneno, wakalinganisha kundi la wagonjwa wa wasiwasi na wasio nao. Kwa kazi ile kilifaa. Waliofuata wakataka namba ya kijana mmoja mmoja.

Hebu tazameni hesabu yenyewe. Mwepesi wa kubonyeza ni mwepesi pande zote mbili. Mzito ni mzito kote. Ukitoa, unafuta hicho hicho kinachofanana pande zote mbili, yaani kile pekee ulichokipima vizuri, na unabaki na makosa ya vipimo viwili yamerundikana. Kwenye soko la samaki la Feri hili halihitaji profesa: huwezi kujua uzito wa dagaa mmoja kwa kupima tenga zima, kumtoa, kisha kulipima tena kwenye mzani unaocheza. Schmukle aliliweka wazi mwaka 2005: ukilinganisha nusu ya majibu na nusu nyingine, au ukirudia baada ya wiki, uthabiti unakaribia sifuri. Ingetosha kusimamisha shughuli. Lakini wapi! Watu wakaendelea kutoa, na wengine wakajenga juu yake tiba ya kuzoesha macho.

Na nyuso zenyewe? Nimelalamika sana na sichoki. Picha za Ekman za mwaka 1976, nyeusi na nyeupe, eti ndizo zimtishe kijana anayepara changu pale Feri, dalali anapaza bei juu ya kichwa chake na mwenye samaki anamfokea! Umakini wake uko kwenye kisu. Anafokewa, magamba yanaendelea kuruka. Au mkono unasimama. Hapo kuna kitu cha kupima.

Kwa anayetaka kuuliza umakini kwa maswali, dodoso la Derryberry na Reed, maswali 20, halina ubaya.

Ila mimi bado nawakumbuka watafiti wa Bagamoyo. Timu ya Sternberg na Grigorenko, iliyochapisha mwaka 2002, iliwapima watoto wa shule, ikawafundisha kwa muda usiotimia saa, ikawapima tena, alama zikapanda. Kabla yao Serpell, mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia waya wa kuundia maumbo badala ya penseli, wakawapita wenzao wa Uingereza. Hao walikihoji kipimo kabla ya kumhoji mtoto.

Anayekuja sasa na kompyuta yake mpakato awapime vijana wa Feri leo, arudi wiki ijayo awapime tena. Akikuta aliyekuwa wa kwanza amekuwa wa mwisho, asimpeleke mtu kwenye tiba kwa namba ile.