Nyoka wa Syokimau si nyoka wa Freud

Katika tasnifu za fasihi ninazozisoma siku hizi, nyoka hana raha. Akichomoza tu kwenye riwaya, mhakiki chipukizi humkamata na kumtangaza kuwa ishara ya ashiki iliyofichika, kwa kuwa eti Freud ndivyo alivyosema. Pango likitajwa, basi ni tumbo la mama. Jabali ni nafsi. Ukimuuliza mhakiki huyo nyoka wake katoka wapi, nani alimsimulia na kwa ajili gani, anabaki kukodoa macho.

Sina ugomvi na uhakiki wa kisaikolojia. Carl Gustav Jung alitufaa kwa hoja yake kwamba binadamu wote wana hazina moja ya picha za kale, ambazo wahakiki wetu huziita vikale, na kwamba picha hizo hujitokeza katika ndoto, visasili na kazi za sanaa. Hoja hiyo inasaidia kueleza kwa nini msomaji wa Kibwezi huguswa na kisa cha Ugiriki ya kale. Ninachokipinga ni tabia ya kuugeuza ufunguo mmoja kuwa wa kufungulia milango yote.

Hebu tumtazame Jung mwenyewe, maana alipita kwetu. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni kwenda Nairobi. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa baada ya kifo chake cha 1961, anasimulia jinsi alivyoamka alfajiri na kuona, juu ya mwamba, mtu mweusi mwembamba ameegemea mkuki, akiitazama treni. Jung alishikwa na hisia kwamba tukio hilo alikwisha kulijua tangu zama za zama. Hataji jina la mahali. Lakini reli ile huikata Makueni kupitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na msomaji wa huko ana haki ya kujiuliza kama mwamba ule si wa kwao.

Kwa Jung, mtu yule akawa picha ya nafsi yake yeye Jung. Hatuambiwi anaitwa nani wala anachunga nini. Je, kwa yule mtu, treni ilikuwa nini?

Tukidhani kwamba alikuwa Mkamba, jibu lipo. Masimulizi ya Ukambani yanasema kwamba kabla ya ukoloni, nabii Syokimau aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji, akitema moshi, na pamoja naye watu wenye ngozi kama nyama mbichi, waliobeba moto mifukoni. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901: maji ya bahari hadi maji ya ziwa. Kinaya ni kwamba mtaalamu wa ishara alipokuwa akitazama nje ya dirisha kutafuta ishara, alikuwa amekaa ndani ya tumbo la nyoka wa Syokimau!

Msomaji atasema kwamba huenda utabiri ulitiwa chumvi, au hata ulitungwa, baada ya reli kufika. Inawezekana. Lakini hata hivyo, jamii iliyoyapokea na kuyarithisha masimulizi hayo ilikuwa imechagua namna ya kulitaja tukio lililoipokonya mamlaka juu ya ardhi yake. Nyoka huyu ni historia. Mhakiki anayemgeuza ashiki anaifuta historia hiyo kwa kalamu moja.

Twende Kitui sasa, kwenye jabali la Nzambani. Inasemekana kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Mfuasi wa Jung atachangamka: hapa pana ule upande wa kike uliomo ndani ya kila mwanamume na wa kiume uliomo ndani ya kila mwanamke. Sawa, si jibu baya. Ila jamii hiyohiyo ina desturi ya iweto, ambapo mwanamke asiyejaliwa watoto humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate watoto na warithi. Sidai kwamba kisa cha jabali kilizaliwa na iweto. Nasema tu kwamba mahali ambapo mwanamke aliweza kukaa kwenye nafasi ya mume, kuvuka mpaka wa jinsia si jambo la ndoto pekee. Ni jambo la shamba, mifugo na jina la ukoo. Mwandishi wa riwaya akimzungusha mhusika wake pale mara saba, mhakiki asiyeijua iweto atasoma nusu ya kitabu.

Kosa hili hutokea hata kwa visasili vya kigeni. Katika Bina-Adamu! (2002), Kyallo Wadi Wamitila anamchukua Peter Pan, mvulana asiyekua ambaye J. M. Barrie alimpandisha jukwaani London mwaka 1904. Wanasaikolojia wamemfanya jina la wanaume wanaokataa utu uzima. Ukiishia hapo, utamwona Wamitila kama anayechunguza utoto wa mtu mmoja. Kumbe Peter Pan wake anatawala kijiji cha utandawazi: nguvu inayocheza na dunia na isiyowajibika kwa yeyote. Kutokua kwake ni siasa.

Kwa upande mwingine, zipo kazi zinazomdai msomaji aingie ndani ya akili. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hazisomeki kwa ramani ya kijiji peke yake. Safari zake ni za fikra, na humo falsafa na saikolojia zina kazi halali. Kwa hiyo matini yenyewe ndiyo inayopaswa kumwambia mhakiki achukue chombo gani.

Nawashauri wanafunzi wangu wafuate utaratibu. Kwanza uliza kisasili kinasimuliwa wapi na nani. Pili, kinafanya kazi gani kwa wanaokisimulia. Tatu, mwandishi amekibadilisha vipi. Ukishajibu hayo, mkaribishe Freud, mkaribishe Jung, wote wawili wakae.

Jung mwenyewe alipewa funzo hili mlimani Elgon. Alipowauliza wenyeji kuhusu ndoto zao, mganga mmoja mzee alimwambia kwamba zamani waganga waliota, wakajua habari za vita, maradhi na mvua. Tangu Wazungu waje, hakuna aotaye tena, kwa sababu sasa Waingereza ndio wanaojua kila kitu. Mzee yule hakuwa amesoma nadharia yoyote ya Ulaya, lakini alijua kwamba hata ndoto ya mtu ina serikali juu yake. Mhakiki wa riwaya zetu hana budi kuanzia hapo.