Kuchapa, Kuchapisha na Kusafisha: Istilahi za Mwenye Kuagiza Picha

Wako wanaodhani kwamba kazi ya istilahi ni ya maneno makubwa tu: ya sheria, ya tiba na ya uhandisi. Sisi twaona vingine. Thamani ya neno hupimwa pale mwananchi anapolitegemea kutoa fedha zake ili apate kitu alichokikusudia. Katika makala haya tutatazama maneno ya shughuli moja ndogo, nayo ni kuagiza picha za karatasi kwa njia ya simu, tupime kama tafsiri zilizopo zinamwongoza mwagizaji au zinampoteza.

Tuchukue Buseresere, mji wa biashara wilayani Chato, uliopakana na Katoro katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Mchimbaji mdogo au mwenye duka wa hapo hupiga picha kwa simu yake mwenyewe. Akitaka picha ya kutundika ukutani, huituma kwenye studio, pengine ya papo hapo, pengine ya Geita au Mwanza. Naye atasema: "Naomba unisafishie picha hii." Hatasema "unichapishie", ingawa ndivyo programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zinavyomtaka aseme.

Wapo wasomi wanaolicheka neno hilo kusafisha. Hoja yao ni kwamba zamani filamu ilitiwa katika dawa gizani, kisha ikasuuzwa kwa maji, ilhali picha ya simu haina filamu. Kwa hiyo neno limepitwa na wakati. Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, si kweli kwamba dawa imetoweka. Katika mitambo mingi mikubwa ya picha, mwanga huichora picha ya kidijitali juu ya karatasi yenye chumvi za fedha, kisha karatasi hiyo hupitishwa katika dawa na kusuuzwa, kama ilivyokuwa enzi za filamu. Mashine ndogo za dukani ndizo zinazotumia wino, au utepe wa rangi unaohamishwa kwa joto. Pili, hata kama dawa ingetoweka kabisa, neno haliuawi na mabadiliko ya chombo. Twasema "kukata simu" bila ya kukata waya wowote, wala hakuna anayelalamika. Kusafisha picha ni neno lililo hai, lenye maana moja inayoeleweka dukani. Halina sababu ya kufukuzwa.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi kilichowekwa mahali pake. Kiswahili kimetofautisha tangu zamani kuchapa na kuchapisha. Anayetia wino kwenye karatasi ni mpiga chapa. Anayeitoa kazi ili isomwe na watu ni mchapishaji. Serikali yenyewe inalijua jambo hili, ndiyo maana ina Mpigachapa Mkuu wa Serikali, wala haimwiti Mchapishaji Mkuu. Lakini katika programu za simu na kompyuta, "chapisha" limebebeshwa mizigo miwili: kutoa nakala ya karatasi, na kuitangaza picha mbele ya umma katika mitandao ya kijamii. Mama aliye na picha ya mwanawe mgonjwa, akikuta kitufe kilichoandikwa "Chapisha", atajuaje kama picha itatoka kwenye karatasi moja au itaonekana na watu asiowajua? Hapa mfasiri hakukosea sarufi tu. Amemnyima mtu nafasi ya kutoa ridhaa yake akielewa anachokiridhia.

Neno la tatu ni "punguza", ambalo baadhi ya programu hulitumia kwa maana ya kukata kingo za picha. Msomaji wa kawaida hudhani anapunguza ukubwa, au pengine bei. Nalo jambo lenyewe si dogo. Picha ya simu aghalabu ina uwiano wa 3 kwa 4, ilhali karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano wa 2 kwa 3. Picha ikijazwa kwenye karatasi hiyo, sehemu 1 kati ya 9 ya upande wake mfupi hupotea. Katika picha ya ukoo iliyopigwa kwa upana, kinachopotea ni vichwa vya waliosimama nyuma au miguu ya waliokaa mbele. Mteja hana budi kuulizwa kwa maneno yanayoeleweka: ijaze karatasi na kukatwa kingo, au ibaki nzima na pembezoni meupe?

La nne ni "ubora". Neno hili ni la sifa, nalo limetumika mahali panapohitaji hesabu. Tufikirie familia iliyofiwa. Picha pekee nzuri ya marehemu ni ya kundi, iliyopigwa harusini. Uso wake unakatwa humo, unabaki na upana wa pikseli 500, kisha inaagizwa picha ya inchi 8 kwa 12 ya kuwekwa mbele ya jeneza. Wanauliza kama ubora upo, wanajibiwa kwamba upo, maana simu ilikuwa nzuri. Kumbe pikseli 500 zikitandazwa kwenye inchi 8 hazifiki nukta 65 kwa inchi, ilhali kipimo kilichozoeleka kwa picha safi ni nukta 300. Siku ya mazishi uso unatoka kama umefunikwa na ukungu, na mwenye uso huo hapigwi picha tena. Mteja angeulizwa idadi ya pikseli angeweza kuchagua karatasi ndogo. Angeambiwa pia kwamba WhatsApp hupunguza pikseli za picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na kwamba ni heri kuituma kama hati ili ifike kama ilivyo.

Lawama hii si ya wafasiri wa programu peke yao. Sisi tulio katika kazi ya istilahi tumetumia miaka mingi kushindanisha kompyuta na tarakilishi, printa na kichapishi. Tumeshughulikia majina ya vyombo, tukavisahau vitenzi vya mtu anayevitumia. Mteja wa Buseresere haagizi kichapishi. Anaagiza picha, na anahitaji maneno ya kumwezesha kusema aitakavyo.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

(a) Kusafisha picha likubaliwe kuwa istilahi ya jumla ya kutoa picha ya karatasi, kwa njia yoyote ile. Anayetaka kupambanua aseme picha ya dawa, picha ya wino au picha ya joto.

(b) Kuchapa litumike kwa nyaraka zinazotolewa kwenye karatasi, na kuchapisha libakie kwa kutangaza mbele ya umma. Maneno haya mawili yasibadilishane katika kitufe chochote.

(c) Kukata kingo lichukue nafasi ya "punguza".

(d) Idadi ya pikseli itumike kwa picha yenyewe, na nukta kwa inchi kwa picha iliyo kwenye karatasi. "Ubora" liachiwe mteja, ambaye ndiye mwenye haki ya kuamua kama picha ni bora.

(e) Karatasi zielezwe kuwa za kung'aa au zisizong'aa. Maneno hayo yapo tayari na yanatosha.

Huenda msomaji akaona kwamba mapendekezo haya hayana neno jipya hata moja. Ni kweli. Maneno yote tumeyakuta yakifanya kazi. Mfasiri atakayeletewa fomu ya kuagizia picha aanze kwa kusimama dakika chache mlangoni mwa studio, asikilize watu wanavyoagiza, kisha ndipo afungue kamusi.