Kidonge Kije Mwisho: Baridi Yabisi ya Mbwa Mzee Mkoani Katavi

Mbwa wa kulinda boma akishafika miaka minane au tisa huanza kuinuka kwa vituo: anasimamisha miguu ya mbele, anasita, ndipo anakivuta kiuno. Akitembea kidogo mwendo unafunguka. Akilala tena anakakamaa, na asubuhi za baridi za Juni na Julai hali huwa mbaya zaidi. Hiyo ndiyo sura ya baridi yabisi. Gegedu linalofunika ncha za mifupa limelika, na utando wa kiungo umevimba. Gegedu hilo halirudi, kwa hiyo kinachotibiwa hapa ni maumivu. Njia ya mkato inajulikana: kidonge cha binadamu kinanunuliwa kwenye duka la dawa muhimu, kinamegwa na kufichwa ndani ya tonge la ugali. Ninachopinga si nia ya kumsaidia mnyama, ni mpangilio. Kidonge kinatangulia, uchunguzi haufanyiki kabisa, na katika mkoa kama Katavi kosa hilo lina uzito kuliko katika miji mingi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kuchechemea huku hakuna maana moja. Misitu ya miombo inayozunguka Mpanda, Mlele na Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni makazi ya mbung'o, na nagana haiwapati ng'ombe peke yao. Mbwa aliyeambukizwa hupata homa, hukonda, hudhoofika miguu ya nyuma, na mara nyingine jicho huingia ukungu mweupe. Kupe wa mbwa naye huleta ugonjwa wa erlikia, ambao unaweza kuvimbisha viungo na kumfanya mnyama achechemee leo mguu huu, kesho ule. Mbwa mwenye baridi yabisi ya uzee kwa kawaida hana homa, anakula vizuri, na ufizi wake ni mwekundu. Tofauti hizi bwana mifugo wa kata anaweza kuziona kwa kipimajoto na macho yake, na kipimo cha damu kikipatikana kinamaliza ubishi. Erlikia hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na dawa nyingi za maumivu humfanya mnyama atokwe damu kwa urahisi zaidi. Anayempa mbwa huyo kidonge kwa kudhani ni uzee anamwongezea hatari, wakati dawa aliyoihitaji ni doksisaiklini.

Sababu ya pili ni hesabu. Kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400 kwa mtu wa kilo 60 ni chini ya miligramu 7 kwa kila kilo. Kwa mbwa wa kilo 15 ni karibu miligramu 27, kiwango ambacho tayari kinaweza kuunguza tumbo lake. Zaidi ya hapo, mwili wa mbwa hauziondoi dawa hizi kama wetu. Baadhi hupita kwenye ini, hutiririka na nyongo hadi utumbo, hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Naproksini, ambayo kwa binadamu hupungua nusu ndani ya takribani saa 12 hadi 17, kwa mbwa huchukua takribani siku tatu. Ukimpa kila siku, unajaza debe ambalo halijamwagwa.

Wapo watakaosema: mbona wengi wanapewa diklofenaki na hawafi? Ni kweli, wengine hawafi. Lakini kidonda cha tumbo la mbwa huvuja damu kimyakimya. Dalili yake ni kinyesi cheusi, na mbwa anayezurura uani nani anamwangalia kinyesi? Figo nazo huharibika bila kelele. Mnyama anakufa wiki kadhaa baadaye na wote wanakubaliana kwamba alikuwa mzee. Kidonge hakishtakiwi.

Basi kianze nini? Uzito na mahali pa kulala. Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo. Waliobaniwa chakula waliishi karibu miaka miwili zaidi, na dawa za baridi yabisi walizihitaji kwa kuchelewa. Pingamizi hapa ni la haki: mbwa wa kijijini Katavi hana unene wa kupunguza, mbavu zake zinahesabika. Kwake sababu kubwa zaidi huwa jeraha la zamani, kama kugongwa na bodaboda, kunaswa na waya wa mtego au kupigwa rungu, nalo huacha kiungo kilichopinda. Huyo asipunguziwe chakula. Ushauri wa uzito unamhusu mbwa wa mjini anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kushiba makombo ya ugali. Wote wawili, hata hivyo, wananufaika na gunia nene lililojazwa majani makavu badala ya saruji tupu, kucha zilizokatwa, na matembezi mafupi ya mara kwa mara kuliko mbio ndefu ya siku moja. Gharama yake ni ndogo mno. Kuhusu dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaosifiwa kwa mafuta ya samaki: majaribio yaliyoonyesha nafuu yalitumia mafuta kwa kiwango cha juu kilichopimwa, kwa hiyo konzi ya dagaa ni chakula kizuri, lakini isiitwe dawa.

Dawa inakuja baada ya hayo, nayo kwa mazingira yetu ni meloksikamu. Kiwango cha kawaida kwa mbwa ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku, pamoja na chakula, chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Hapa ndipo wenye nia njema wanapokosea. Sindano ya ng'ombe huwa na miligramu 20 katika kila mililita. Mbwa wa kilo 15 anahitaji miligramu 1.5, yaani mililita 0.075. Bomba la mililita tano haliwezi kupima tone hilo. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 nacho ni dozi ya siku tano kwa mbwa huyo. Aombwe daktari apime au ayeyushe, na aulizwe kama mnyama alishachomwa deksamethasoni, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kutoboa utumbo.

Kwa nini isiwe diklofenaki ya sindano, ambayo mkono wa kila mtu umeizoea? Mbali na mbwa mwenyewe, kuna tumbusi. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistan walithibitisha kwamba tumbusi wanaokula mizoga yenye diklofenaki hufa kwa figo. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaanza kuipiga marufuku kwa mifugo, baada ya aina moja kupungua India kwa zaidi ya asilimia 99. Usalama wa meloksikamu ulipimwa kwanza kwa tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika, ndege yuleyule anayezunguka juu ya Hifadhi ya Katavi. Na mwaka 2007 diklofenaki ya mifugo ilikutwa ikiuzwa hapa Tanzania.

Siku maumivu yatakaposhinda dawa, daktari wa mifugo anaweza kumlaza mbwa bila mateso. Dawa ya kumlaza nayo huua ndege wanaokula mzoga, kwa hiyo mwenye mbwa amfukie kwenye shimo refu, asimtupe porini.