Safari ya Ukweni

Aniceti Kitereza alivuka ziwa akiwa kijana, akarudi kwao Ukerewe, na riwaya akaikuta nyumbani. Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watemi. Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ilimpa Kilatini na Kijerumani. Baadaye akafanya kazi Mwanza mjini. Aliporejea kisiwani, wazee waliojua mambo ya kale walikuwa wakipukutika. Akaketi nao, akauliza, akaandika. Mwaka 1945 alimaliza, kwa Kikerewe, kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali.

Ninachokisifu ni subira yake. Bugonoka hajapata mtoto, wazazi wake wamemchukua, mume anafunga safari kumfuata. Mwandishi mwenye haraka angemfikisha ukweni kwa sentensi moja. Kitereza anamtembeza. Tunajua Myombekere anasalimiana na nani, anapokewaje, analishwa nini. Wakwe wanapodai pombe ya ndizi ndipo mke arudi, hatuletewi mitungi iliyokwisha jaa. Kazi inafanyika mbele yetu, na aliyewahi kuiona kandokando ya ziwa anaijua: ndizi zivundikwe ziive, zikamuliwe kwa nyasi, maji yake yatiwe mtama wa kukaangwa, kisha yaachwe yachachuke. Hatua haziharakishwi, wala mwandishi haziharakishi. Wapo wanaolalamika kwamba sehemu hizi ni ndefu mno. Kwangu mimi humo ndimo riwaya ilimo, kwa sababu toba ya mume tunaiona mikononi mwake kabla hajaitamka.

Kitereza mwenyewe na mkewe, Anna Katura, hawakujaliwa kubaki na mtoto. Ukilijua hilo, uchungu wa Bugonoka unausoma taratibu zaidi.

Mswada ulikaa miaka 35 bila kuchapishwa. Wachapishaji wa Kikerewe hawakupatikana, basi mzee akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika, alitoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002. Wajerumani na Wafaransa nao wanayo ya kwao.

Walimu wa Kiswahili wa Mwanza, Geita na Mara, kitabu hiki ni cha mtu wa ziwa letu. Wasomeeni wanafunzi safari ile ya ukweni kwa sauti, na mfikapo kwenye pombe msiruke ukurasa.