Heko, Mchapaji wa Vallauris

Mchoraji Picasso sifa anazo tele. Leo heko zimwendee Hidalgo Arnéra, mchapaji wa Vallauris, kusini mwa Ufaransa. Tangu miaka ya 1950, kwa zaidi ya miaka 10, Picasso alichonga picha kwenye vipande vya linoleamu, Arnéra akazichapa. Kazi yenyewe haikutaka papara. Kipande kinachongwa, kinapakwa rangi isiyokoza, kinachapwa kwenye karatasi. Kisha kinachongwa tena, kinapakwa rangi iliyokoza zaidi, na kuchapwa juu ya karatasi zilezile. Kilichokatwa hakirudi. Karatasi ikisogea hata upana wa unywele, rangi zinapishana na nakala imeharibika. Hapo ndipo fundi hujulikana. Saini ni ya Picasso, lakini usafi wa chapa zile ni wa Arnéra. Mkono mmoja haulei mwana.